Mama wa Juu Anashuka Kunywa Maji

Mimi ni fundi viatu, na mke wangu anaendesha winchi. Mteja akileta kiatu bandani kwangu, kabla sijauliza kisigino kimepatwa na nini, namwonyesha ule mnara wa chuma unaochungulia nyuma ya paa za maduka. Namwambia, unakiona kile kibanda cha vioo pale juu? Aliyemo ni mama wa watoto wangu. Wengine huitikia kwa adabu. Wengine hawaamini, na hao viatu vyao huwa navichelewesha makusudi.

Kazini wanamwita Mama wa Juu. Nyumbani hana cheo hicho. Akikuta vyombo havijaoshwa ananipa za uso, na mimi naosha. Ila nasema wazi, na sitachoka kusema: katika mtaa wetu wote sijaona mtu anayeijua kazi yake kama yeye.

Alianzia chini. Alikuwa mpiga ishara, yaani yule anayesimama pale mzigo unapotua, redio mkononi, akimwelekeza mwendeshaji ambaye akiwa juu hauoni mzigo vizuri: shusha, simama, kushoto kidogo, simama. Alielekeza wanaume miaka mingi, hadi akajua mkono wa winchi unavyopepesuka upepo ukigeuka, na mwendeshaji yupi ana papara na yupi ana usingizi. Siku moja akaniambia anataka kusomea leseni akae mwenyewe kule juu. Nikamwambia nenda. Majirani wakasema nimemwachia mke kamba ndefu mno. Nikawajibu kuwa kamba niliyo nayo ni ya kushonea viatu tu, na nikaendelea na kazi yangu.

Siku yake ya kwanza juu, wanaume wa pale walikaa pembeni wakicheka. Walisema mwanamke hawezi kukaa kule, atashuka kila mara kwenda chooni, na kila akishuka kazi nzima italala. Hapo hawakukosea. Winchi ikisimama, zege halipandi, nondo hazipandi, na mafundi wa ghorofani wanabaki kupiga soga. Msimamizi mwenyewe, bwana mmoja mnene ambaye kofia yake ya plastiki haijawahi kumkaa vizuri, aliwaahidi wenzake chai kama mama yule atafika saa sita bila kushuka.

Mke wangu aliyasikia yote. Asubuhi ile hakunywa hata chai. Alipanda ngazi na mkoba wake mdogo mgongoni, akashuka jua linazama, na msimamizi akanunua chai. Kesho yake akafanya vilevile, na kesho yake tena, hadi ikawa ndiyo desturi yake: kupanda mara moja, kushuka mara moja. Waendeshaji wa winchi za majengo ya jirani wakaiga, maana nani angekubali aonekane ameshuka kabla ya mwanamke? Wao wana chupa yao ya haja ndogo ambayo sitaieleza hapa. Mke wangu hakuwa na njia hiyo, kwa hiyo alichofanya ni kutokunywa.

Sasa chukua kibanda cha vioo pande zote, kiinue juu kuliko kila kitu kinachoweza kukipa kivuli, halafu leta kiangazi. Feni ndogo iliyomo inazungusha hewa ileile ya moto. Mtu anatoka jasho mpaka jasho lenyewe linaisha. Jioni alikuwa akipitia bandani kwangu midomo imepasuka, anachukua soda baridi kwa jirani muuza duka, anaipiga tarumbeta, kisha anaagiza nyingine. Mimi ndiye niliyekuwa nikilipa, tena kwa furaha. Nilimtazama akinywa nikasema moyoni, huyu ni wangu.

Alfajiri moja ya kiangazi hicho aliniita kwa sauti ndogo akaniambia nisiguse shuka. Kidole gumba cha mguu wa kulia kilikuwa kimevimba, ngozi imevutika mpaka inang'aa, na ukisogeza mkono karibu unahisi moto wake. Shuka ikimgusa tu anauma meno. Huyu ni mwanamke aliyezaa mara tatu bila kupiga yowe, na sasa shuka ilikuwa inamtoa machozi.

Mimi nilijua jibu papo hapo. Kiatu. Kwani kuna nini kingine kinachoweza kumsumbua mtu mguuni? Nikakichukua kile kiatu chake cha kazini chenye chuma puani, nikakipanua, nikailainisha ngozi kwa mafuta, nikakata soli upya. Baada ya siku chache kidole kikanywea, na mimi nikavimba kichwa. Niliwatangazia wateja kuwa nimemtibu mke wangu kwa sindano na uzi. Joto lilipopamba moto tena, kidole kikarudi, nikamtengenezea kiatu kingine. Kilipomrudia mara ya tatu alikuwa na viatu vingi kuliko mke wa waziri, na hakuna hata kimoja alichoweza kuvaa.

Muuza duka alikuwa na maoni yake. Alisema huo ni ugonjwa wa matajiri, wa watu wanaokula nyama asubuhi na jioni. Nilikaribia kumshukuru kwa kutupandisha daraja, maana kwetu nyama huja kwa nadra na huondoka mapema. Lakini lile neno lilinitia wasiwasi, na kesho yake nikamshika mke wangu mkono, yeye akiruka kwa mguu mmoja, tukaenda zahanati.

Daktari alikuwa mama wa makamo, mtulivu, asiye na haraka. Alikitazama kidole bila kukigusa, na kwa hilo tu mke wangu akampenda.

"Hii ni gauti, mama," alisema. "Wazee waliita jongo."

"Mimi si tajiri," mke wangu akasema.

"Haichagui. Mwilini kuna asidi inaitwa yuriki. Figo ndizo zinaitoa kwa mkojo. Ikizidi kwenye damu inaganda, inakuwa chembechembe zenye ncha, zinakaa kwenye kiungo. Kidole gumba ndicho kinachoonewa kwanza. Wengine wamezaliwa figo zao haziitoi vizuri, na sisi wanawake hedhi ikishakoma hatari inaongezeka." Kisha akauliza, "Maji unakunywa saa ngapi?"

"Jioni."

"Na mchana?"

"Mchana niko juu."

"Juu ya nini?"

Hapo nikadakia mimi. Nilimweleza kuhusu winchi, kibanda, leseni, na ile desturi ya kupanda mara moja na kushuka mara moja. Nilieleza kwa kirefu na kwa majivuno, na kadiri nilivyoendelea ndivyo daktari alivyozidi kunitazama mimi badala ya mgonjwa.

"Mkojo wako una rangi gani, mama?" aliuliza nilipomaliza.

Mke wangu alinigeukia kana kwamba natakiwa kutoka. Sikutoka. "Kama chai isiyo na maziwa," akasema.

"Na jioni unakunywa maji kiasi gani?"

"Jioni nakunywa soda. Baridi. Mbili, au zaidi."

Daktari alisema sukari ya zile soda nayo inaongeza asidi hiyohiyo. Mimi nikaanza kuchunguza dari ya zahanati.

Alipimwa damu na figo, akapewa dawa ya kutuliza maumivu, ya kumeza mara tu kidole kinapoanza kuchemka, na baadaye akaanzishiwa kidonge cha kila siku cha kupunguza ile asidi. Daktari alikazia kuwa hicho kidonge asikiache hata kidole kikimjia juu katikati ya dozi. Mguu uinuliwe, barafu ifungwe kwenye kitambaa. Na maji, kidogo kidogo, siku nzima, hasa jua likiwa kali, mpaka mkojo uwe mweupe.

"Usisubiri kiu," alisema. "Na usinywe yote jioni kwa mkupuo. Dawa peke yake itafanya nusu ya kazi, nusu nyingine ni yako."

Vidonge alimeza. Barafu alifunga. Soda aliziacha, na muuza duka akaninunia wiki nzima. Lakini maji ya mchana hakunywa. Kila asubuhi nilimwekea chupa mkobani, na kila jioni ilirudi imejaa, maji yamechemka kwa jua. Nikimuuliza, ananiambia alisahau. Mke wangu hasahau hata deni la chumvi, atasahau chupa iliyokaa kando ya paja lake?

Kidole kikamkamata tena, akashindwa kwenda kazini siku kadhaa. Aliporudi, akakuta msimamizi ameleta mwendeshaji wa akiba, mwanaume wa miaka thelathini na kitu mwenye masharubu yaliyochanwa vizuri, leseni yake mpya mfukoni. Wote wakamwita Masharubu. Msimamizi hakumficha mke wangu neno. Alimwambia wanamheshimu, lakini kazi kubwa iko mbele, na mguu huo ukimshusha mara moja tena, Masharubu atakaa kibandani moja kwa moja na yeye atarudi chini kupiga ishara.

Jioni hiyo tuligombana. Alikuwa amekaa sebuleni, mguu juu ya stuli.

"Nunua ndoo yenye kifuniko, ukae nayo juu," nikamwambia.

"Nikae na ndoo juu ya vichwa vya watu wazima? Fundi, akili zako ziko kwenye soli."

"Basi shuka. Shuka ukanywe maji, uende chooni, upande tena. Nani atakuua?"

"Nikishuka watasema, si tulijua? Watasema mguu umenishinda. Masharubu anasubiri hapohapo chini ya ngazi."

"Na usiposhuka, mguu wenyewe utakushusha."

Mimi nilikuwa nimeshapandwa na hasira, sikuweza kujizuia. "Najivunia kazi yako mpaka wateja wananikimbia," nikamwambia. "Lakini sikuoa winchi. Nimeoa wewe, na wewe unakauka huko juu kwa ajili ya kicheko cha watu walioshasahau walikuwa wanacheka nini."

Nilidhani atanijibu vikali. Akashusha mguu kwenye stuli polepole.

"Unajua," akasema, "kile kibanda ndicho mahali pekee ambapo hakuna mtu aliyewahi kuniambia sogea."

Nilikwenda jikoni nikamletea maji, akayanywa yote.

Kazi kubwa aliyoisema msimamizi ilikuwa daraja. Jengo lenyewe ni minara miwili inayotazamana, na kati yake lilitakiwa kukaa daraja la chuma la kupitishia watu, lililokwisha kuungwa kiwandani, zima zima. Ulikuwa mzigo mzito kuliko wowote ambao winchi ile imewahi kubeba. Ukishauinua hauuachi njiani. Mtu anakaa nao mpaka mafundi wakaze boliti ya mwisho.

Siku hiyo nilifunga banda. Niliwaambia wateja nina udhuru, nikaenda kusimama kwenye uzio wa mabati, pale penye bati lililokunjika. Mpiga ishara alikuwa amesimama hatua chache ndani, na redio yake nikaisikia vizuri. Walipanga kuinua asubuhi kungali baridi, lakini lori lililoleta daraja lilichelewa, na kulifunga kamba za chuma kukala asubuhi yote. Wakati huo mke wangu alikuwa juu akipandisha nondo za upande wa pili. Walipomaliza kufunga, jua lilikuwa la utosi. Bati la uzio lilikuwa haligusiki. Mhandisi, bwana mrefu mwenye sauti ya upole, kila mara alikuwa akitazama kitambaa walichofunga juu ya nguzo kuonyesha upepo. Kilikuwa kimetulia, lakini alasiri upepo huamka, na hilo lilimpa hofu ya haki.

"Mama wa Juu, tuko tayari," akasema kwenye redio. "Ukipata ishara, inua."

Redio ikakwaruza, kisha nikaisikia sauti ya mke wangu.

"Ngojeni. Nashuka."

"Kuna tatizo gani?"

"Nashuka kunywa maji."

Aliyekuwa anagonga nyundo aliacha. Watu wakainua nyuso, mikono juu ya macho kukinga jua. Mlango wa kibanda ukafunguka, akatoka, akaanza kushuka. Mimi nilikuwa natazama miguu tu, ndiyo kazi yangu: kulia, kushoto, kulia, kushoto. Hakuchechemea. Roho yangu ilikuwa juu hata hivyo, kwa sababu nilimwona Masharubu chini ya ngazi, kofia kichwani, glavu mkononi. Nikasema basi, leo wanamnyang'anya kibanda, na nimemshauri mimi.

Msimamizi alimwahi kabla hajakanyaga ardhi vizuri. "Ni mguu?" akauliza.

"Mguu mzima," mke wangu akajibu, na hakupunguza sauti. "Nina kiu, na nataka kwenda chooni. Nikiinua lile daraja sitoki pale mpaka limekaa. Sitaliinua kichwa kinanizunguka."

Hakuna aliyecheka. Akaenda chooni mbele ya macho ya kazi nzima, mgongo wima, akarudi akachota maji kwenye pipa la maji ya kunywa. Alikunywa taratibu, akachota tena. Mhandisi alitazama kitambaa cha upepo, akatazama saa, akasema kwa upole wake, "Mama, sikulaumu, lakini upepo hautatungoja. Mwenzako apande aanze."

Wote wakamgeukia Masharubu. Yeye akavua kofia, na jasho likamshuka hadi kwenye yale masharubu yaliyochanwa.

"Bosi, mimi sipandi," akasema. "Tangu asubuhi nimesimama hapa juani, sijanywa kitu. Nilijiambia kama huyu mama haonekani akinywa, mimi nitaanzaje? Jana nimekojoa kitu cha rangi ya kahawa, nikaogopa. Mpaka leo sijamwambia mtu."

Akatembea hadi kwenye pipa. "Shikamoo mama."

"Marahaba," mke wangu akasema, akampa kikombe. "Polepole. Usinywe kwa pupa, yatakurudi."

Mhandisi alisimama kidogo akiwatazama wawili wale. Kisha akasema wote wapumzike, kila mtu anywe maji, akaenda mwenyewe kupanga foleni nyuma ya wabeba zege. Msimamizi alivua ile kofia isiyomkaa, akajipepea nayo.

Mke wangu alipopanda tena nilihesabu pumzi zangu, si ngazi zake. Kamba zikakazika, daraja likaachana na ardhi, likaning'inia kidogo bila kwenda popote, mpaka likatulia kabisa. Hapo ndipo akaanza kuliinua. Katikati ya njia kile kitambaa kikatikisika. Nilimwona mhandisi akishika kidevu. Mke wangu akasimamisha mzigo hewani, akausubirisha pale bila haraka, upepo ukapita, akaendelea. Mpiga ishara alikuwa akisema, kushoto kidogo, kidogo, kidogo tena, simama, na daraja lile zima likasogea kwa upana wa kiganja. Mafundi wa pande zote mbili wakaingiza boliti. Walikaza kwa muda mrefu, na muda wote huo aliubeba ule mzigo, hautikisiki. Mwishowe mtu akasema kwenye redio, "Limekaa. Liachie."

Watu wakapiga makofi. Mimi nilikuwa nimeshika lile bati la moto kwa mikono miwili na nilikuwa sijui.

Jioni, wenye jengo walikuja, kofia zao safi, wakasimama karibu na uzio wakitazama daraja. Mke wangu alikuwa ngazini, anashuka mara yake ya pili siku ile. Mmoja wao akamuuliza msimamizi nani aliyekuwa juu. Nilifungua mdomo mimi, ambaye sijawahi kukosa maneno juu ya habari hiyo, lakini machozi yakanitangulia. Sioni aibu kusema hivyo.

Msimamizi akaelekeza kidole kwenye ngazi. "Yule pale," akasema, "ndiye mwenye winchi. Na kama mna mipango ya kesho, muipange mkijua kuwa saa sita huwa anashuka."